Sura ya Nesi Mbele ya Jopo la Usaili

Wauguzi vijana wa Uganda wanaozunguka na bahasha za vyeti wana dai wanalolirudia sana: hospitali za binafsi za Kampala huchukua warembo kwanza, na wenye sura za kawaida huambiwa wasubiri simu. Wauguzi waliotangulia kazini hulikataa. Kwao, nesi huajiriwa kwa alama zake, kwa usajili wake katika Baraza la Wauguzi na Wakunga la Uganda, na kwa ustadi wa mikono yake. Nionavyo, kila upande unasema kweli kuhusu sehemu unayoifahamu. Kazi ya serikali na kazi ya hospitali ya binafsi haziombwi kwa njia moja.

Tuanze na serikali. Wauguzi wa hospitali za rufaa huajiriwa kupitia Tume ya Huduma za Afya, na wale wa vituo vya afya vya wilaya kupitia tume za utumishi za wilaya. Mwombaji hujaza fomu, huambatisha matokeo ya mitihani yake ya uuguzi pamoja na leseni, kisha hukaa mbele ya jopo ambalo kila mjumbe wake anatakiwa kuandika alama. Hapo urembo hauna nafasi kubwa. Wengi watasema kinachoharibu njia hii ni kujuana na rushwa, na sina ubishi nao. Lakini mwenye mjomba ofisini hupita awe mzuri au asiwe mzuri, kwa hiyo hilo ni doa jingine, la kupigwa vita kivyake.

Hospitali ya binafsi ina mwenyewe, na mgonjwa wake ni mteja anayelipa. Msimamizi akitaka mtu wa wadi wiki hii, anaweza kuwaita watu watano, akazungumza nao kidogo na kuamua mchana huohuo. Ukimuuliza kwa nini kamchukua huyu, atakwambia ana mvuto, anajiamini, wagonjwa watampenda. Kauli hiyo haifai kupuuzwa. Mgonjwa anayeingia na hofu humtazama nesi kabla hajamsikia. Sare iliyopigwa pasi, nywele zilizofungwa na uso mchangamfu humtuliza, na nesi mchafu humfanya aulize kama hata sindano ni safi.

Ila unadhifu ni jambo analoweza kulitimiza kila mtu, na umbo la pua si kosa la yeyote. Tena yapo mapambo yanayopingana kabisa na kazi yenyewe. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009 kuhusu usafi wa mikono unawataka wahudumu wanaogusa wagonjwa wasivae kucha za bandia, na kucha zao za asili ziwe fupi, chini ya nusu sentimita. Mwajiri anayevutiwa na kucha ndefu za rangi siku ya usaili amevutiwa na kitu atakachopaswa kukikataza siku ya kwanza ya zamu.

Utafiti uliofanywa kwingine unawaunga mkono vijana kuliko wakubwa wao. Mwaka 1920 mwanasaikolojia Edward Thorndike alionyesha kwamba maofisa wa jeshi la Marekani waliompa askari alama za juu kwa umbile lake walielekea kumpa alama za juu za akili na uongozi pia, kana kwamba sifa moja imezimwagia nuru nyingine zote. Mwaka 1994 wanauchumi Daniel Hamermesh na Jeff Biddle walichambua takwimu za Marekani na Kanada, wakaona kwamba watu waliohesabiwa kuwa na sura isiyovutia walilipwa pungufu kwa asilimia 5 hadi 10 wakilinganishwa na wenye sura ya wastani. Pengo hilo lilijitokeza hata katika kazi ambazo sura haina cha kufanya nazo.

Utafiti unaonifikirisha zaidi ni wa Markus Mobius na Tanya Rosenblat, wa mwaka 2006. Walitumia kazi ya kutafuta njia katika michoro ya vichochoro, ambayo uzuri haumsaidii mtu hata kidogo, na kweli wazuri hawakuwashinda wenzao. Hata hivyo waajiri waliwadhania kuwa na uwezo zaidi. Zaidi ya hapo, wazuri hao walipewa makadirio ya juu hata na waajiri waliosikia sauti zao kwenye simu bila kuwaona, kwa sababu walikuwa wanajiamini zaidi na wanajieleza vizuri zaidi. Maana yake, mtu aliyesifiwa tangu utotoni huingia kwenye usaili tayari anajua kuzungumza kama anayestahili.

Uganda hali hii inauma zaidi kwa sababu ya hesabu ya nafasi. Vyuo vinatoa wauguzi wengi wa cheti na diploma. Wadi za serikali zina nafasi zilizo wazi ambazo hazijazwi kwa kukosa bajeti ya mishahara, na vijana wengi hujitolea bila malipo wakingoja tangazo. Wakibaki waombaji kumi wenye vyeti vinavyolingana, kitu kidogo tu huamua. Hapo ndipo kovu la moto shavuni, unene, au weusi wa ngozi huweza kugeuka kuwa sababu ambayo hakuna atakayeiandika popote. Nina hasira na jambo hili, hasa ninapofikiria binti anayeanza kujipaka krimu za kujichubua akiamini weupe utamfungulia ajira. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inakataza ubaguzi kwa misingi kama jinsia, rangi, dini, ulemavu na maambukizi ya VVU, lakini sura haimo katika orodha hiyo. Aliyekataliwa kwa ajili ya uso wake hana kifungu chepesi cha kushika.

Lakini si haki kuzungumza kana kwamba wazuri wanakula raha tu. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, Dorothea Dix, aliyewasimamia wauguzi wa jeshi la kaskazini, aliagiza kuchukuliwa wanawake wasio na urembo, waliovuka miaka 30, wenye magauni ya kahawia au meusi, bila vito wala nywele za mawimbi. Shaka hiyo haijaisha. Methali yetu ya uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti, imeshawahukumu wengi kabla hawajashika hata mashine ya presha. Madeline Heilman na Lois Saruwatari, katika utafiti wa mwaka 1979, waliona kwamba uzuri uliwasaidia wanawake walioomba kazi za ngazi ya chini na kuwadhuru walioomba umeneja. Nesi mrembo basi anaweza kupewa wadi haraka, na akaachwa nyuma anapotafutwa wa kuiongoza. Kuna na baya zaidi: bosi aliyeajiri kwa macho ana uwezekano wa kudai malipo kwa njia hiyohiyo. Kanuni za mwaka 2012 kuhusu unyanyasaji wa kingono kazini zipo, lakini binti aliye katika kipindi cha majaribio hulalamika kwa nani?

Ukitaka kuona ajira inavyobadilika kazi inapotajwa kwa usahihi, tazama makambi ya wakimbizi. Nakivale na Kyangwali wamejaa Wakongo, ambao wengi wao huzungumza na mhudumu kwa Kiswahili. Mama anayejifungua pale anahitaji nesi atakayeelewa anaposema maumivu yamehamia mgongoni. Mwajiri akiweka lugha kuwa kigezo, ana kitu cha kupima: aulize kwa Kiswahili, asikilize jibu. Hospitali ya mjini nayo inaweza kupima hivyohivyo. Impe kila mwombaji maswali yaleyale, imwekee mkono wa plastiki aweke dripu, asome chati ya homa, aeleze atamfanyia nini mtoto anayedegedeka, na alama ziandikwe kabla wasaili hawajazungumza wao kwa wao.

Inabaki picha ya pasipoti, ambayo waombaji wengi hutakiwa kuiambatisha. Wanaoitetea wana sababu ya kweli: bila picha, mtu anaweza kumtuma mwenzake mwenye akili zaidi akafanye usaili kwa jina lake. Sababu hiyo inahusu siku ya usaili, haihusu siku ya kuchuja fomu. Picha iondolewe kwenye mafaili wakati wa kuchuja, na anayefika kwenye usaili atambuliwe mlangoni kwa kitambulisho cha taifa na leseni ya Baraza. Najua kutokana na utafiti wa Mobius na Rosenblat kwamba sauti yenye kujiamini itaendelea kupendelewa, na ndiyo maana jaribio la mikono lipewe alama nyingi kuliko mazungumzo.