Nakshi za Wamaya zina wenyewe

Kuna duka moja la mtandaoni limenitibua. Linauza mkoba ulioshonwa kwa kipande cha huipil, ile blauzi ya wanawake wa Kimaya, wenyeji wa asili wa Amerika ya Kati, na maelezo yake yanasema ni "kumbukumbu ya ustaarabu uliotoweka". Uliotoweka wapi? Sensa ya Guatemala ya mwaka 2018 ilihesabu Wamaya zaidi ya milioni 6, na hapo hujagusa wa Mexico wala Belize. Ila marehemu ana faida yake kibiashara: hadai chake.

Nenda kijiji cha San Antonio Aguas Calientes, Guatemala, uwaone hao waliotoweka. Mwanamke amepiga magoti, mtambo wake wa kufumia umefungwa ncha moja kwenye mti au nguzo, nyingine imemzunguka kiunoni. Akiegemea nyuma nyuzi zinakaza, akiinama zinalegea. Nakshi anazipachika kwa vidole, uzi baada ya uzi, bila mchoro wowote wa karatasi, na mafundi wa kijiji hicho wanajua kufuma maua yanayotoka sawasawa mbele na nyuma. Blauzi moja inaweza kula miezi. Halafu mtu anatia mkasi apate mfuko wa simu!

Mtaniambia, si aliiuza mwenyewe? Haya, aliiuza. Shida ikibisha hodi hata cha urithi huenda sokoni, simlaumu. Wala simcheki anayevaa huipil ya kuchapwa kiwandani kwa kuwa ya mkono haimudu. Ugomvi wangu ni na sheria. Hakimiliki inamtafuta mtunzi mmoja, mwenye jina na tarehe. Nakshi ya kijiji, iliyotoka kwa bibi ikaja kwa mama mpaka kwa binti, haina mtu wa namna hiyo, kwa hiyo inahesabiwa haina mwenyewe. Lakini mbunifu wa mjini akibadili rangi mbili na kubandika lebo yake, mwenyewe huyo kapatikana. Mazingaombwe gani haya?

Wafumaji hawakukaa kulia. Mwaka 2016 wanawake wa chama cha AFEDES cha Sacatepéquez, mkoa wa kijiji hicho, waliifikisha serikali ya Guatemala mbele ya Mahakama ya Katiba kwa kushindwa kulinda nguo zao. Mwaka uliofuata mahakama ikalihimiza bunge litunge sheria. Wanachotaka ni miliki ya pamoja: anayetaka nakshi ya kijiji kwa biashara akiombe kijiji ruhusa na akilipe. Mswada ukafika bungeni, ukalala. Matangazo ya utalii hayakulala, yamejaa wanawake hao hao wakitabasamu.

Na hii ndiyo nchi ambako wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1960 hadi 1996 huipil ilimfichua mvaaji katoka kijiji gani, na wapo waliozivua ili wasiuawe. Tume ya ukweli iliyochunguza vita hivyo ilikuta Wamaya ni 83% ya waathiriwa waliotambuliwa. Leo vazi hilo hilo ni "mtindo".

Watu wa pwani hamhitaji darasa. Mnakumbuka kampuni ya Uingereza ilivyotaka kusajili "kikoy" kama alama yake ya biashara, Wakenya wakaja juu, mpango ukafa. Kule tuligombana na kampuni ya ng'ambo. Wanawake wa Sacatepéquez wameishtaki nchi yao wenyewe.