Kabla ya Darubini, Tupeni Kitabu

Mashirika ya uhifadhi yanapofika vijijini huku Nyanda za Juu Kusini, mizigo yao hufanana: fulana, mabango, semina yenye soda na posho, na pengine darubini chache ambazo huishia kabatini. Sipingi hata kimoja kati ya hivyo. Ila kuna kitu sijaona kikiletwa, na kwangu hicho ndicho kingetangulia: kitabu cha wanyama na ndege wa huku, kwa Kiswahili, chenye picha safi, cha bei ambayo mwalimu wa shule ya msingi Kiwira au muuza parachichi wa Tukuyu anaimudu.

Zunguka maduka ya vitabu ya Mbeya mjini, kisha uende Iringa. Vitabu vya kiada vimejaa, Biblia na vitabu vya nyimbo vimejaa, vya ujasiriamali ndiyo usiseme. Kitabu cha kumsaidia mtu amtambue ndege aliyemwona mtoni asubuhi sijawahi kukikuta. Vilivyo bora vinajulikana: kile cha ndege wa Afrika Mashariki cha Terry Stevenson na John Fanshawe, na kile cha mamalia wa Afrika cha Jonathan Kingdon, mzaliwa wa Tabora. Nimevitumia vyote viwili na navipenda sana, kwa sababu kila ukurasa unaonyesha jasho la mtu aliyekaa porini. Lakini vimeandikwa Kiingereza na bei yake ni ya mtalii. Mkulima anayepakana na msitu wa Rungwe hakufikiriwa.

Na mkulima huyo ndiye anayewaona wanyama kabla ya wote. Mwaka 2003 watafiti wa shirika la uhifadhi la WCS walikuwa wakizungumza na wawindaji wa vijiji vya chini ya Mlima Rungwe. Wakatajiwa kima mwoga, mwenye manyoya marefu, anayekaa juu kabisa ya miti, ambaye wenyeji walimwita kipunji. Wakamfuatilia mpaka wakamwona. Mwaka uliofuata watafiti wengine wakamkuta katika msitu wa Ndundulu, kule Udzungwa, mamia ya kilomita kutoka Rungwe. Mwaka 2005 habari zake zikachapishwa katika jarida la Science. Kisha kipunji mmoja akakutwa amekufa kwenye mtego wa mkulima shambani kwa mahindi, wakamchunguza, na mwaka 2006 ikatangazwa kwamba huyu ni wa jenasi mpya kabisa, yaani kundi jipya la spishi zenye undugu wa karibu. Tangu 1923 Afrika haikuwa imepata jenasi mpya ya kima! Hesabu iliyotolewa 2008 ilikuwa kipunji 1,117 tu dunia nzima, wote wakiwa Tanzania, na karibu wote katika misitu ya Rungwe na Kitulo.

Habari hiyo ilianzia mdomoni mwa wawindaji wa Rungwe, ikaandikwa Kiingereza, ikasomwa London na New York, kisha haikurudi. Mtoto wa darasa la sita Isongole analala karibu na kima huyo kuliko profesa yeyote. Atasoma wapi kwamba kipunji anakula nini, anaishi kundi la ukubwa gani, na kwa nini akimharibia baba yake mahindi bado anastahili kuachwa hai?

Si kisa cha mara moja. Mwaka 1991 watafiti kutoka Denmark, wakiwa kambini katika misitu ya Udzungwa, waliona ndani ya sufuria miguu ya ndege wasiyemfahamu. Ndivyo sayansi ilivyompata kwale wa Udzungwa, ambaye ndugu zake wa karibu wako Asia, si Afrika. Aliyemtega kwale yule bila shaka alijua njia anayopita, mahali anapochakura majani na saa anayotoka. Ujuzi wa namna hiyo umetapakaa kuanzia Udekwa hadi Matamba, na wenye nao wanazeeka.

Ndiyo maana kitabu ninachokitaka kisiwe tafsiri ya cha wageni. Kianze upya, kwa watu wa huku. Kila mnyama awe na jina la Kiswahili, na chini yake majina ya Kinyakyusa, Kisafwa, Kihehe, Kibena na Kikinga. Picha ionyeshe pia nyayo na kinyesi, maana huku kwetu mara nyingi mnyama unajua amepita tu. Mlio uelezwe kwa namna watu wanavyouiga. Yawepo na maneno ya kweli kuhusu hasara: nguruwe pori, ngedere, tembo wanaovuka mipaka ya Ruaha. Kitabu cha uhifadhi kisichozungumzia shamba lililoliwa usiku mmoja hakitafika mbali. Karatasi iwe ngumu, inayostahimili mvua ya Rungwe, na kiingie mfuko wa koti.

Kuhusu vifaa nitasema kwa kifupi, maana vijana huniuliza. Ukipata pesa ya darubini, chukua iliyoandikwa 8x42. Nane ni ukuzaji, 42 ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Msituni kuna giza na ukungu, kwa hiyo lenzi pana inakusaidia kupata mwanga. Inayokuza mara kumi huvutia dukani, lakini mkono ukitikisika kidogo ndege anacheza machoni. Hakikisha imefungwa isipitishe maji na imejazwa gesi ya naitrojeni, la sivyo baridi ya Kitulo, mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, itakuachia ukungu ndani ya lenzi. Ukirudi nyumbani ihifadhi mahali pakavu, kuvu wasiile.

Kifaa kinachonifurahisha kuliko vyote ni kamera ya kutega, ile inayojipiga yenyewe mnyama akipita. Mwaka 2005 kamera kama hizo, huko Ndundulu, zilimnasa sange mwenye uso wa kijivu, mnyama wa gramu 700 hivi mwenye pua ndefu inayochezacheza, na mwaka 2008 akatambuliwa rasmi kuwa spishi mpya, mzito kuliko sange wote wanaojulikana. Upande wa Ruaha, mradi wa wanyama walao nyama ulioanza 2009 uliwapa wanakijiji kamera hizo wazitege kwenye ardhi yao wenyewe. Kila picha ya mnyama pori inakipa kijiji pointi, na pointi zinageuka kuwa msaada wa shule, zahanati na dawa za mifugo. Hapo simba anakuwa na faida kwa mtu aliyepoteza ng'ombe. Natamani mpango wa namna hiyo ufike Rungwe na Makete. Na yule kijana anayekagua picha za kamera angekuwa na kitabu mkononi, angejua pia huyo mnyama anazaa lini na anahitaji nini.

Habari nazo zina shida ileile. Redioni tunasikia wanyama pale tu tembo anapoua mtu au jangili anapokamatwa. Mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikatika kiangazi tangu 1993, na maji yake ndiyo yanayokwenda mabwawa ya Mtera na Kidatu kuzalisha umeme. Mto kusimama ni habari ya kutajwa siku hiyohiyo, kama tunavyotajiwa bei ya mahindi. Vivyo hivyo mbayuwayu wa buluu wanapofika Kitulo na mvua kuja kuzaliana. Ile hifadhi inaitwa Bustani ya Mungu, na wenyeji wake wanastahili kuambiwa bustanini kumetokea nini.

Wapo wanaosema kitabu kama hicho kitawafundisha majangili. Nimelifikiria hilo na silikubali. Viazi vya okidi vilichimbwa Kitulo kwa miaka mingi, vikapelekwa Zambia kutengenezwa chakula kiitwacho chikanda, na waliochimba hawakuhitaji kitabu. Waliokosa kitabu ni majirani zao, ambao wangeweza kujua kwamba ukichimba kiazi umeua ua lenyewe, na kwamba mengine hayapatikani kwingine kokote duniani. Mahali penyewe pasitajwe, yatosha kutaja aina ya msitu na mwinuko.

Wapo pia wanaosema watu hawasomi. Watu hao hawajaona vijitabu vya kilimo cha parachichi vinavyopita mkono kwa mkono Rungwe mpaka jalada linachanika.

Tuanze na kidogo basi. TFS, wakala wa misitu wa serikali, wanausimamia msitu wa Mlima Rungwe, TANAPA wanaisimamia Kitulo, na vyuo vikuu tunavyo Mbeya na Iringa. Wakae pamoja watoe kijitabu cha wanyama thelathini tu wa misitu hii miwili. Nakala ziende kwa klabu za Malihai mashuleni, zile za wanafunzi wapenda wanyamapori, moja ibaki ofisi ya kila kijiji kinachopakana na msitu, zinazobaki ziuzwe madukani Mwanjelwa na Tukuyu kwa bei ya daftari kubwa. Kabla ya kwenda mtamboni, rasimu isomwe kwa sauti mbele ya wazee wa vijiji hivyo, waisahihishe, na majina yao yachapwe ukurasa wa mbele pamoja na ya wanasayansi.