Maoni ya Aliyeazima Yana Uzito Gani?

Mtu anaporudisha kitabu, albamu au filamu aliyoazima, aghalabu hutoa na hukumu fupi: "Kizuri, ila mwisho umenichosha." "Nyimbo mbili tu ndizo za maana." "Niliiacha katikati." Wapo wanaozipuuza hukumu hizi kwa kuwa msemaji hakulipa, pengine hakumaliza, wala hakusomea fani anayoihukumu. Wapo pia wanaoziamini kuliko uhakiki wa kitaalamu, wakisema aliyeazima hana cha kutetea. Mimi niko karibu zaidi na hawa wa pili, ingawa likija suala la albamu nasita.

Hoja ya kwamba hakulipa ndiyo dhaifu kuliko zote. Nakala ya maktaba ilinunuliwa, na nchi kadhaa huwalipa waandishi vitabu vyao vinapoazimwa: Denmark ilianza mwaka 1946, Uingereza ikatunga sheria yake mwaka 1979. Isitoshe, kutolipa kunampa msemaji uhuru ambao mnunuzi hana. Akipenda, chongo huita kengeza, na ukishachagua kitu ni rahisi kukipenda. Mwaka 1956 mwanasaikolojia Jack Brehm aliwaomba wanawake wapime ubora wa vitu vya matumizi ya nyumbani, kisha wachague kimoja kati ya viwili kiwe chao. Walipopima tena, walichokichagua kilikuwa kimepanda machoni pao, na walichokiacha kimeshuka. Mwaka 1985 Hal Arkes na Catherine Blumer walifuatilia watu walionunua tiketi za msimu mzima wa michezo ya kuigiza, baadhi kwa bei kamili na wengine kwa punguzo walilopewa bila kulitarajia. Katika nusu ya kwanza ya msimu, waliolipa bei kamili walihudhuria michezo mingi zaidi. Michezo ilikuwa ileile. Kilichotofautiana ni pesa iliyokwisha kutoka mfukoni.

Aliyeazima hafungwi na pesa hiyo. Kitabu kikimchosha, anakifunga. Kwangu hiyo ni taarifa yenye thamani kubwa, tena ambayo mhakiki wa gazeti hawezi kunipa, kwa sababu kazi yake inamlazimu afike ukurasa wa mwisho. Ninapotafuta cha kusoma, nataka kujua ni wapi mtu asiyelazimishwa na yeyote alichoka.

Hata hivyo, si kweli kwamba kuazima hakuna mashinikizo yake. Tarehe ya kurudisha inakaribia, na kurasa mia za mwisho zinasomwa mbiombio usiku mmoja. Kisha msomaji analalamika kwamba mwandishi aliharakisha mwisho. Tena kuna tofauti kati ya kuazima maktaba na kuazima kwa rafiki. Rafiki aliyekukabidhi albamu akisema "hii imenibadilisha maisha" amekuachia deni la adabu. Utamwambia nini unapomrudishia? Sifa za namna hiyo nazipunguzia uzito, na lawama naziongezea, kwa kuwa aliyelaumu amelazimika kuishinda adabu kwanza.

Sasa albamu. Mwaka 1968 mwanasaikolojia Robert Zajonc alionyesha kwamba watu huelekea kupenda zaidi kitu walichokutana nacho mara nyingi. Kwa muziki jambo hili lina uzito mkubwa, maana nyimbo nyingi hazifunguki kwa mara ya kwanza, na aliyeazima mara nyingi husikiliza mara moja tu, huku akifanya jambo jingine. Santuri ya muda mrefu (LP), iliyoingia sokoni mwaka 1948, ilibeba dakika ishirini na kitu kila upande, na msikilizaji alilazimika kuinuka kuigeuza. Sidii zilipoingia sokoni mwaka 1982, kuruka wimbo kukawa kazi ya kidole kimoja. Ndiyo maana ninapoambiwa "albamu haina kitu", nashuku kwamba nimeambiwa habari za nyimbo tatu za mwanzo.

Lakini matokeo ya Zajonc yanakata pande zote mbili. Miongoni mwa vitu alivyotumia ni maneno ya kubuni yasiyo na maana yoyote, na watu wakayaona mazuri zaidi kwa kuyazoea tu. Basi mnunuzi aliyeisikiliza albamu mwezi mzima huenda hajagundua uzuri uliojificha, huenda amezoea. Sikio la mgeni husikia udhaifu ambao mwenyeji amekwisha kuusamehe. Nikilazimishwa kuchagua, nitamwamini aliyesikiliza mara tatu au nne, kabla mazoea hayajamteka.

Filamu haina utata huo: saa mbili, kikao kimoja, na aliyeazima ameona yaleyale aliyoyaona aliyenunua.

Pingamizi ninalolichukulia kwa uzito kabisa ni jingine: maoni huambukiza. Mwaka 2006 watafiti Matthew Salganik, Peter Dodds na Duncan Watts walichapisha jaribio lao lenye washiriki zaidi ya 14,000 na nyimbo 48 zisizojulikana. Washiriki waliogawanywa katika makundi yaliyotengana, kila kundi likiona nyimbo ambazo wenzao wamezipakua, waliishia na orodha tofauti. Nyimbo bora kabisa hazikuzama sana, wala mbaya kabisa hazikupanda sana, lakini zile za kati ziliweza kuangukia popote kutegemea waliotangulia kuchagua. Kwa msanii mchanga asiye na jina, neno la kwanza lililotupwa ovyo linaweza kuwa ndilo linalobaki.

Kwa hiyo nyota mbili zisizo na maelezo hazinisaidii, na msanii zinamdhuru. "Nimeishia sura ya tatu kwa sababu wahusika wote wanazungumza kwa sauti moja" ni kitu kingine kabisa: najua umefika wapi, najua kilichokukwaza, na naweza kuamua kama kitanikwaza na mimi. Naupokea kama ushahidi kamili kuhusu sura tatu. Kuhusu sura zilizobaki, nitamsubiri aliyezisoma.