Ultraman Ndani ya Kasha la Bati: Tunanunua Kipindi au Tunanunua Ganda?

Ukishika SteelBook, kasha la bati la kuwekea diski za filamu, kwa mara ya kwanza, mkono unajua kabla ya jicho. Ni bati jembamba lililochapwa mchoro moja kwa moja juu yake, lina trei ya plastiki ndani, na asubuhi ya baridi linapoa kama sinia. Nyuma kuna karatasi iliyobandikwa kwa vitone viwili vitatu vya gundi, yenye jina la kampuni, maelezo ya kipindi na mistari ya bei. Mkusanyaji makini huibandua taratibu, huisugua gundi iliyobaki kwa ncha ya kidole mpaka iwe vitonge, kisha huikunja karatasi na kuificha ndani ya kasha. Mchoro unabaki peke yake, bila bei wala tangazo.

Ni kwa kasha la namna hiyo Ultraman, shujaa wa televisheni ya Japani wa miaka ya sitini, alivyorudi kwenye rafu za Marekani. Oktoba 2019 kampuni ya Mill Creek Entertainment ilitoa vipindi vya Ultra Q na Ultraman kwenye Blu-ray, diski zenye picha safi kuliko DVD, na Ultraseven ikafuata Desemba. Kila kipindi kilitoka kwa sura mbili: kasha la kawaida, na kasha la bati. Kilichokuwemo kilikuwa kilekile, yaani picha ileile, sauti ileile ya Kijapani na tafsiri ileile ya Kiingereza chini ya picha. Mwenye kuongeza pesa alikuwa anaongezea bati na mchoro. Ndiyo maana wapenzi wa vipindi hivi wamegawanyika: wapo wanaosema kasha ni heshima kwa kazi ya zamani, na wapo wanaosema ni kuuziwa ganda kwa bei ya kiini.

Kwa asiyevijua, Eiji Tsuburaya ndiye aliyesimamia mbinu za picha za Godzilla, filamu ya dubwana ya mwaka 1954, na mwaka 1963 akaanzisha kampuni yake mwenyewe, Tsuburaya Productions. Ultra Q ilianza kuonyeshwa Japani Januari 1966, sehemu 28, picha nyeusi na nyeupe, hadithi za madubwana bila shujaa wa kuyakabili. Julai mwaka huohuo akaja shujaa mwenyewe. Ultraman ilikuwa ya rangi, sehemu 39: jitu la rangi ya fedha na nyekundu lililotoka anga za mbali, lisiloweza kukaa duniani zaidi ya dakika chache kabla taa ya kifuani haijaanza kumetameta. Ultraseven ya 1967 ikaongeza sehemu 49. Hii ni kazi ya zaidi ya nusu karne, na karibu kila shujaa wa televisheni wa Japani anayepambana na dubwana refu kama ghorofa ana deni kwake.

Wanaotetea kasha wana hoja ambayo watu hupita juu yake haraka mno. Kwa miaka mingi haki za Ultraman nje ya Japani zilikuwa zinagombewa mahakamani. Kampuni ya Chaiyo ya Thailand ilishikilia hati ya mwaka 1976 iliyodaiwa kuipa haki hizo, na Tsuburaya Productions ikaipinga. Kesi ikazunguka Japani na Thailand, kila mahakama na uamuzi wake, hadi jopo la mahakama la Los Angeles lilipoamua mwaka 2017 kwamba hati ile haikuwa ya kweli. Mpenzi wa Ultraman aliyeishi nje ya Japani alikuwa amezoea kupewa vipandevipande. Alipopata vipindi vitatu kwa mpigo, vimepangwa kwa utaratibu, ile haikuwa anasa kwake. Ilikuwa ni kama mtu aliyezungushwa na hati ya kiwanja kwa miaka akikabidhiwa hatimaye karatasi yenye mhuri.

Tena makasha yanayopangika yana nguvu ya biashara. Mwenye la kwanza na la pili anatafuta la tatu, kwa sababu pengo kwenye rafu linamkera kila anapopita. Vipindi vya baadaye vikafuata kweli: Return of Ultraman ya 1971, Ultraman Ace ya 1972, na vingine. Kipindi cha zamani kisichojulikana sana hakiuziki peke yake kirahisi, bali hubebwa na ndugu zake. Mimi naamini tamaa ya kujaza rafu imesaidia kutoa vipindi ambavyo pengine visingetoka.

Lakini upande wa pili nao haubahatishi. DVD zilizotoka Marekani mwaka 2006 zilikuwa na sauti ya Kiingereza ya miaka ya sitini, ile waliyokua nayo watazamaji wa huko. Kwenye Blu-ray za 2019 haimo. Mtu aliyempenda Ultraman kwa sauti ile anatazama bati linalong'aa na kuuliza kwa nini uzuri uwe nje na pengo liwe ndani. Halafu kuna walanguzi. Kasha la bati hutolewa kwa idadi yenye kikomo, likiisha dukani linapanda bei kwa watu waliolinunua wakiwa hawana hata haja ya kulifungua. Na bati ni bati: likigongwa pembe njiani linabonyea, na halinyooki tena.

Wapo pia watengenezaji wa makasha wanaovuka mpaka kwa mapenzi. Oktoba hiyohiyo ya 2019 kampuni ya Criterion iliadhimisha toleo lake la namba 1000 kwa mkusanyiko wa filamu 15 za Godzilla za kati ya 1954 na 1975, diski nane ndani ya kitabu kikubwa chenye michoro ya kuvutia. Ni kizuri kukitazama, lakini ni kikubwa kuliko rafu ya kawaida ya diski, na wengi walilalamika hawana pa kukiweka. Hapo mbunifu alisahau kwamba kitu hiki hushikwa, hufunguliwa, na diski hutolewa mara kwa mara na mtu aliyekaa kwenye kochi.

Kwa hiyo sikubali kwamba bati lenyewe ni dhuluma. Ingekuwa dhuluma kama kungekuwa na sehemu za kipindi ndani ya toleo la bati ambazo mwenye kasha la kawaida hazipati. Mill Creek hawakufanya hivyo. Mwenye pesa kidogo aliona Ultraman yuleyule, na kwangu hilo ndilo jambo la kwanza la kupima.

La pili ni ukweli wa jalada, na hapo ndipo ninapobanwa zaidi. Tuliokulia na diski za "ishirini kwa moja", zinazouzwa kwenye nailoni na karatasi iliyojaa vijipicha, tunajua uchungu wa kuona jalada linaahidi filamu ambayo kwenye diski haipo. Nani hajawahi kurudi dukani kubadilishiwa? Jalada ni neno la muuzaji.

Sasa, jalada la Ultraseven linasema ni mfululizo kamili. Sehemu zilizotengenezwa ni 49, zinazouzwa ni 48. Ya 12, iliyoonyeshwa Desemba 1967, ilihusu viumbe wa sayari nyingine ambao damu yao imeharibiwa na mionzi, wakaja kuiba damu ya binadamu. Mwaka 1970 gazeti la watoto liliwataja viumbe wale kwa neno ambalo Japani hulitumia kwa watu waliopigwa na mabomu ya Hiroshima na Nagasaki. Familia za waathirika zikaumia, suala likafika kwenye magazeti makubwa, na Tsuburaya Productions wakaiondoa sehemu ile. Mpaka leo haimo kwenye toleo lolote rasmi.

Silalamiki kwamba imefichwa. Walioumia walikuwa watu halisi, wengine wakiwa bado wanauguza majeraha, na kampuni ina haki ya kusema hii hatuiuzi. Ila neno "kamili" ni zito. Mnunuzi wa miaka 20 ambaye hajasikia habari hii atahesabu sehemu zake, ataruka kutoka 11 hadi 13, na atadhani ameuziwa diski mbovu. Zaidi ya hapo, atanyimwa moja ya visa muhimu kabisa katika historia ya kipindi anachokipenda.

Kwa msomaji wa Mombasa au Dar kuna jambo jingine la kujua kabla hajatuma pesa. Blu-ray zimegawiwa dunia kwa maeneo: Marekani na Japani ni eneo A, Afrika na Ulaya ni eneo B. Kasha litafunguka popote, ila diski yenye kufuli la eneo A itakataa kwenye mashine ya kawaida ya huku. Utabaki na bati zuri la kutazama. Wapo watakaoridhika na hilo, nami siwalaumu, lakini waliotengeneza kipindi walitaka kitazamwe.

Kuna kinyago cha kwanza cha Ultraman, kile cha sehemu 13 za mwanzo, ambacho mdomo wake ulitengenezwa kwa mpira laini ili uweze kusogea. Mpira ukajikunja, na kwenye Blu-ray mikunjo ile inaonekana wazi, pembeni ya mdomo, kama uso wa mtu aliyechoka. Baadaye kinyago kikabadilishwa mara mbili. Michoro ya makasha kwa kawaida humwonyesha shujaa amenyooka, uso laini kama kioo. Ningependa siku moja nione kasha lenye uso ule wa mikunjo. Na Ultraseven ikitolewa tena, kwa bati au kwa plastiki, chini ya neno "kamili" uwekwe mstari mmoja mdogo: sehemu 48 kati ya 49, sababu imeelezwa ndani.