Sabuni ya Kolobeng: mmisionari alikuwa bwana au mgeni?

Utani huu unajulikana: wazungu walikuja na Biblia, sisi tukiwa na ardhi, wakatuambia tufumbe macho tusali, na tulipofumbua tukakuta Biblia tunayo sisi, ardhi wanayo wao. Mara husemwa ni wa Mzee Jomo Kenyatta, mara wa Askofu Desmond Tutu. Unachekesha kwa kuwa una ukweli ndani yake. Tatizo ni kwamba umerudiwa hata umekaa mahali pa historia, na kwa upande wa kusini mwa Afrika unaruka swali jepesi kabisa: watu hawa walishindaje kutwa?

Tuanzie Kolobeng, katika Botswana ya leo, alikohamia David Livingstone na mkewe Mary mwaka 1847. Huyu siye Livingstone tunayemjua huku kwetu, wa Ujiji na wa maiti iliyobebwa hadi Bagamoyo. Huyu alikuwa fundi wa kijiji. Kwa maelezo yake mwenyewe, sala na kifungua kinywa vilikwisha kabla ya saa moja asubuhi, ikafuata shule ya wote, wazee kwa watoto, hadi saa tano. Baada ya hapo alishika nyundo ya mhunzi, randa ya seremala au jembe la bustani. Mchana Mary alifundisha watoto wadogo, mara nyingi wapatao mia moja, au wasichana waliojifunza kushona. Jua likizama ndipo mume alipokwenda mjini kuzungumza na yeyote aliyekuwa tayari kumsikiliza. Ibada ya hadhara ilifanyika siku tatu za juma, ng'ombe wakishakamuliwa.

Humo ndani kuna habari moja ambayo siwezi kuipita haraka, nayo ni ya sabuni. Ilipikwa nyumbani kwa mafuta na majivu, na kwa kuwa majivu ya kuni za kule yana magadi kidogo, ilibidi kuchemsha na kuchemsha tena kwa mwezi mzima, au hata wiki sita, ndipo mafuta yashike. Wiki sita! Weka juu yake mishumaa ya kumimina kwenye kalibu, siagi ya kusukwa ndani ya mtungi, mkate wa kuokwa, watoto wachanga wanaofuatana, na mto Kolobeng unaokauka kwa ukame. Mary aliyaweza kwa sababu alizaliwa na kukulia kule kule kusini mwa Afrika, binti wa misheni; lakini anayesifiwa au kulaumiwa ni mumewe. Na kuni za wiki sita zilikatwa na nani, zikabebwa na nani? Hapo hata Livingstone hatuelezi vya kutosha.

Mtu anayepika sabuni kwa wiki sita anaweza kuwa na dharau moyoni, na wengi walikuwa nayo. Nguvu ya kutawala, hata hivyo, hana. Baba yake Mary, Robert Moffat, alikuwa mtunza bustani wa Kiskoti kabla ya kuwa mhubiri. Alipokwenda kwa Watlhaping, Watswana wa chifu Mothibi, yeye na wenzake walichimba mfereji mrefu wa kuleta maji kwenye mashamba ya kituo. Akina mama wa pale, wenye mashamba yao juu ya mfereji, wakawa wanautoboa kila siku, na alipopinga wakachukua majembe wakaenda kulibomoa bwawa lenyewe. Wamisionari walirudi na sepetu zao kuanza upya. Ukame ulipozidi, wazee walimjia wakiongozwa na mkuu mwenye mkuki mkononi, wakamwambia aondoke kwa sababu ndiye anayezuia mvua. Aliachwa akae. Ubatizo wa kwanza haukupatikana hadi 1829, baada ya kama miaka minane. Kazi ya chapa ilichukua muda zaidi: Injili ya Luka kwa Kitswana ilitoka 1830, na Biblia nzima ilikamilika 1857, ikichapwa pale pale Kuruman, kituoni kwa Moffat.

Wanaolaumu misheni wana hoja nzito, na nzito kuliko zote, kwa maoni yangu, haihusu bendera. Inahusu plau. Kwa Watswana shamba lilikuwa la mwanamke na jembe lake, ng'ombe walikuwa wa mwanamume, na mwanamke hakuwagusa. Mmisionari alipofunga plau nyuma ya maksai na kuiita maendeleo, shamba likahamia mikononi mwa wanaume. Akina mama wale wale waliobomoa bwawa walipoteza kitu ambacho hakuna mkataba ulioandika. Halafu ipo mikataba yenyewe. Mwaka 1888 John Smith Moffat, mtoto wa Robert, aliyekuwa ameacha umisionari na kuingia utumishi wa serikali, ndiye aliyemtilisha saini Lobengula, mfalme wa Wandebele, mkataba wa urafiki na Waingereza. Miezi michache baadaye mmisionari Charles Helm alimtafsiria mfalme huyo hati ya Rudd, ya haki ya kuchimba madini, iliyomfungulia tajiri Cecil Rhodes mlango wa Zimbabwe ya leo. Hilo halina utetezi, nami sitautafuta.

Ninachokataa ni kuuchukua mwaka 1888 na kuusomea kinyumenyume hadi 1847, kana kwamba kila aliyeoka mkate Kolobeng alikuwa akiandaa hati ya Rudd. Usomaji huo unawageuza machifu kuwa watu wa kuchezewa, jambo ambalo Sechele, chifu wa Wakwena aliyeishi na Livingstone Kolobeng, asingelikubali. Alijifunza alfabeti kwa siku moja, akawa msomaji wa Isaya, na alishangaa Livingstone anahangaika kushawishi watu mmoja mmoja ilhali mijeledi ya ngozi ya kifaru ingewaaminisha wote kwa pamoja. Alibatizwa 1848 baada ya kuwarudisha wake wanne kwao. Mmoja wao alipopata mimba yake, Livingstone alimzuia Meza ya Bwana na kumhesabu kama aliyeanguka. Sechele hakuondoka kanisani. Makaburu walipomshambulia 1852, wakateka zaidi ya wanawake na watoto 200 na kupora nyumba ya Livingstone aliyekuwa safarini, chifu alifunga safari kwenda kumwona Malkia wa Uingereza mwenyewe. Fedha zilimwishia Cape Town. Akarudi, akawafundisha watu wake mwenyewe, na baadaye akaomba wamisionari wa Kijerumani kwa njia ya Makaburu hao hao.

Mwanawe, Sebele, alikwenda mbali zaidi. Mwaka 1895 yeye na machifu wenzake, Khama na Bathoen, walipanda meli hadi Uingereza kuzuia nchi zao zisikabidhiwe kampuni ya Rhodes. Mkalimani wao alikuwa mmisionari, W. C. Willoughby, na majukwaa waliyozungumzia mengi yalikuwa ya makanisa yaliyotuma wamisionari kwao. Waziri wa makoloni, Joseph Chamberlain, aliwakubalia wabaki chini ya Malkia, kwa sharti la kutoa ukanda wa ardhi wa kupitishia reli. Ukanda huo Rhodes aliupata, na kabla mwaka haujaisha watu wake wakautumia kuivamia Transvaal, jamhuri ya Makaburu, na kushindwa. Baada ya aibu hiyo, mpango wa kuikabidhi kampuni sehemu iliyobaki ya nchi uliwekwa kando.