Mabuti Yangu Yasiyo na Mkunjo

Kwa miezi minne nilitembea kama korongo aliyeingia matopeni, nikiinua wayo mzima na kuutua mzima bila kukunja vidole, kwa sababu nilikuwa nimenunua mabuti meusi yanayong'aa kama kioo na nikaapa kwamba hayatapata hata mkunjo mmoja. Ngazi nilizipanda kiubavu. Kitu kikinidondoka, nilimwachia aliye karibu akiokote.

Shemeji yangu alivaa mabuti ya kahawia yenye mikunjo membamba juu ya vidole, mingi kama mistari ya kiganjani. Nilimhurumia. Siku moja sebuleni kwake uvumilivu ulinishinda, nikamwambia, kwa heshima zote, kwamba aliuziwa ngozi dhaifu, kwani ngozi bora haikunjiki.

Shemeji ni mtu wa maneno machache, lakini siku hiyo alivua buti lake moja, akalibonyeza kwa kidole gumba, na pembeni mwa kidole vikatokea vikunjo vyembamba kama nyuzi, vikatoweka mara alipoachia. Akanionyesha vitundu vya vinyweleo, vilivyotawanyika bila mpangilio. Ngozi ya kweli, alisema, lazima ikunjike pale mguu unapokunjika. Cha kutazama ni namna inavyokunjika. Ya mgongoni mwa ng'ombe, ambayo nyuzi zake zimeshikana, hutoa vikunjo vidogo vya karibu karibu, ilhali ya tumboni, iliyolegea, hutuna kama godoro lililochoka. Ile iliyosuguliwa uso kisha ikapakwa tabaka nene la plastiki hubaki nyororo, mpaka siku tabaka lenyewe litakapokatika. Akaongeza kwamba buti linalompwaya mtu hukunjika vibaya hata ngozi yake ikiwa nzuri, na hapo akaitazama miguu yangu, nami nikaificha chini ya kiti.

Niliona huo ni wivu mtupu. Ili kukata mzizi wa fitina, nilisimama katikati ya zulia nikachuchumaa, visigino juu, uzito wote juu ya vidole.

Ulisikika mlio kama wa ukuti mkavu uliokanyagwa. Nilidhani ni goti, na kusema kweli goti lingekuwa afadhali. Buti la kulia lilikuwa limepasuka kutoka upande mmoja hadi wa pili, na chini ya weusi ule kulikuwa na kitu cha kijivu chenye nyuzinyuzi, mfano wa karatasi iliyolowa ikaanikwa.

Mpwa wangu wa miaka mitano alikuja, akainama, akabandua gamba moja lenye ukubwa wa ukucha, kisha, kwa utulivu wa fundi, la pili.

"Mjomba," akauliza, "mbona kiatu chako kinabambuka kama ukuta?"

Shemeji hakucheka. Aliinuka taratibu akaenda jikoni, na ni huko nilikomsikia akicheka. Dada yangu alikuja na ufagio.

Nilirudi nyumbani nikitembea kama watu wengine, vidole vikikunjika kila hatua, kwa kuwa hapakuwa tena na cha kulinda, huku nyuma yangu nikiacha magamba meusi ambayo mtu yeyote angeweza kuyafuata hadi mlangoni pangu.