Shujaa si bingwa

Jumamosi moja ndani ya matatu ya Umoja, mtangazaji wa redio alimwita mchezaji aliyefunga penalti "shujaa wetu". Makanga akaupiga mlango makofi mawili kushangilia. Mimi nikakunja uso. Penalti?

Mpwa wangu wa kidato cha tatu ndiye aliyenitia ugonjwa huu wa kupima maneno. Alikuwa ameandika insha kuhusu mweka hazina wa chama cha akina mama.

"Mjomba, huyu ndiye shujaa wa hadithi yangu."

"Amefanya nini?"

"Ameiba pesa za chama akatorokea Mombasa."

Tulicheka, akafuta, akaandika "mhusika mkuu". Hadithi humzunguka hata mwizi, ila ushujaa haumfuati.

Hata jasiri si lazima awe shujaa. Anayeruka ukuta wenye nyaya za umeme usiku ili akaibe ni jasiri, tena sana. Gwiji ameijua kazi yake, basi. Naye bingwa hutawala mpaka atokee wa kumpiku, kama rekodi ya marathoni: Kipchoge aliondoka Berlin 2022 na 2:01:09, mwaka uliofuata Kiptum akaishusha hadi 2:00:35 kule Chicago. (Timu yetu ya raga ya wachezaji saba kila upande inaitwa Shujaa, kwa umoja. Hilo nawaachia walimu wa sarufi.)

Wahenga walishatupa kipimo: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Fumo Liyongo, shujaa wa tenzi za kale za pwani, alidungwa kitovuni kwa sindano ya shaba, na aliyemdunga ni mwanawe wa kumzaa. Alijikokota hadi kisimani, akapiga goti, akavuta upinde, akafa vivyo hivyo. Watu wa mji waliogopa kwenda kuteka maji wakidhani yu hai, hata ikabidi mamake aombwe kwenda kumsihi.

Kwangu mimi, asiye na cha kupoteza mwiteni jina lingine lolote: nyota, nguli, hata mnoma.

Ila kuna jambo linalonitatiza kila ninapopita Mtaa wa Kimathi, Nairobi. Shujaa hajiiti, huitwa, na wanaoita hubadilika. Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau waliopigana na wakoloni Waingereza, alinyongwa katika gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Waliomnyonga walimwita gaidi. Uhuru ulikuja 1963, lakini Mau Mau ilibaki kundi haramu kisheria hadi 2003. Sanamu yake ilizinduliwa 18 Februari 2007, miaka 50 kamili baadaye, na Sikukuu ya Mashujaa nayo ikaja na Katiba ya 2010.

Wiki jana nilimkuta kijana ameegemea chini ya sanamu hiyo akimngoja mtu, simu sikioni: "Niko hapa kwa Kimathi." Nikainua macho. Mzee amesimama na rasta zake, bunduki mkononi. Kosa lililompeleka kitanzini lilikuwa kupatikana na bastola.